Mizimu na Abasyuka

Baba yangu alizikwa Rungwe, mkoani Mbeya, nami nilikuwa ng'ambo nikiandika tasnifu ya udaktari. Katika sura moja naliandika, kwa majivuno ya mtu ambaye habari ya msiba haijamfikia, ya kuwa Wanyakyusa na Wahehe huamini mizimu.

Neno mzimu ni la kale sana. Ndugu zake wametapakaa mbali: Waganda wana omuzimu, Washona mudzimu, na Wasotho wamelikweza hata Modimo likawa jina la Mungu mwenyewe. Wazulu wamelishusha, izimu lao ni jitu lilalo watu, sawa na zimwi la hadithi zetu. Kuzimu na wazimu ni wa ukoo huo huo. Mzuka ni mwingine: ni kitu kizukacho, kama taibhse ya Wagaeli wa Uskoti, neno lenye asili ya kuonekana.

Niliporudi nalikwenda kwa shangazi, nikamwuliza kama mzimu wa baba umetulia.

"Umetulia?" akasema. "Huo ni mti?"

Sikuwa na jibu, msomaji, nami ni mwalimu wa sarufi. Kiswahili humweka mzimu katika ngeli ya mti, mto na mlima. Na kwa kweli mzimu ni mahali pia, penye pango au mbuyu, ambapo watu huweka sadaka. Shangazi husema abasyuka, waliofufuka, na kiambishi chake ni kile kile cha abandu, watu. Ndugu yake alikuwa amekufa, walakini hakutoka katika ngeli yake.

Upande wa mama, Iringa, husemwa masoka. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asishikwe na Wajerumani. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lisifike Kalenga hata 1954. Bibi alipotusimulia habari hiyo kwa Kiswahili hakusema "walilirudisha"; alisema "walimrudisha". Nalidhani amekosea, nikamsahihisha.

Tasnifu imo maktabani, haisahihishiki tena. Katika nakala yangu nimefuta "mizimu" kwa penseli kila nilipoiona, nikaandika abasyuka hapa na masoka pale. Ukurasa wa shukrani sikuugusa. Huko, baada ya kupata habari, naliandika "marehemu baba yangu, aliyenifundisha kusoma". Na marehemu, ijapokuwa ni neno la Kiarabu, hufuata ngeli ya watu.