Dibaga yako inasoma faili za nani?

Jamaa mliofika Lubumbashi toka Pweto, Mitwaba ao Goma, na ninyi wenyeji mnaowapokea: vijana wetu wengi wanajifunza kazi ya kompyuta kwa mashini moja ya watu wengi. Basi hii inawahusu.

Kule Katuba napita kusaidia vijana wanne wa lugha ya C. Kila mmoja ana zamu yake, lakini jina la kuingilia ni moja kwa wote. Juma lililopita mmoja aliniita: «Yaya, nimeandika 25, mashini inanionyesha 0x19. Nimekosea wapi?»

Hakukosea popote. Wanatumia DDD, dibaga ya madirisha iliyoanzishwa Ujerumani na Dorothea Lütkehaus na Andreas Zeller. DDD ni uso tu. Anayesimamisha programu na kuchungulia ndani yake ni GDB, iliyo nyuma. Na GDB, mbele ya kukusikiliza wewe, inasoma faili .gdbinit ya saraka ya nyumbani. Mwenzake wa zamu ya asubuhi alikuwa ameandika humo `set output-radix 16`. Ndiyo sababu 25 ilitoka kwa hesabu ya kumi na sita: kumi na sita moja, na tisa juu yake. Dakika arobaini zilikwisha akitafuta kosa lisilokuwepo, na nyumbani hana mashini ya kurudilia kazi.

Sasa wanaanza na `ddd --nx`, yaani GDB isisome faili yoyote ya kuanzia. Mwenye kupenda mipangilio yake anaibeba kwenye flashi na kuitaja kwa `-x`. Lakini angalieni: DDD ina faili yake pia, `~/.ddd/init`, na `--nx` haiigusi. Ili kila mtu awe na yake, elekezeni DDD_STATE kwenye saraka ya kila mmoja.

Kuna hatari kubwa zaidi ya namba. Faili .gdbinit iliyo ndani ya mradi wa mtu mwingine inaweza kubeba amri `shell`, na amri hiyo inaweza hata kufuta kazi zenu. Tangu toleo 7.5 la mwaka 2012, GDB inakataa kuisoma mpaka uruhusu saraka ile. Wengine, wakichoka na onyo, wanaandika `set auto-load safe-path /`. Hapo wamefungua lupango kwa kila mpita njia. Mkipewa mradi kwa flashi, someni kwanza .gdbinit yake kwa `cat`. Mara nyingi ni mistari miwili ao mitatu tu.