Kula si Lazima: Kutoka Drafti ya Makambako hadi Chesi ya Njombe

Makambako ni mji wa kusubiri. Anayekwenda Songea anasubiri gari la kumpeleka kusini, dereva wa lori la Tunduma anasubiri ugali wake, na kwenye stesheni ya TAZARA watu husubiri kuliko kwingine kote. Si ajabu drafti ilishamiri hapo. Mwandishi wa kumbukumbu hii aliujua mchezo huo pembeni ya barabara kuu, kwenye kipande cha mbao kilichochorwa miraba kwa rangi ya mafuta. Kete zilikuwa vizibo vya soda, vya mmoja vimelala chali na vya mwenzake kifudifudi. Kizibo kikifika mwisho wa ubao kilibebeshwa kingine mgongoni, kikawa kingi, na kingi hakina adabu: kinavuka ubao mzima kwa mkupuo.

Kijiwe kilikuwa na kanuni iliyozitawala nyingine zote: kula ni lazima. Ukitegewa kete huna hiari. Mafundi waliishi kwa kanuni hiyo. Walitoa moja, wakatoa ya pili, watazamaji wakaanza kuguna, kisha wakapita na nne. Mchezo ulipoisha hakuna aliyeondoka. Vizibo vilirudishwa nyuma, ubishi ukaanza kuhusu mahali mtu alipopotea, na aliyefungwa akaelezwa mbele ya kadamnasi kwamba alishakufa zamani, ila hakuwa na habari.

Sataranji, au chesi kama vijana wengi wanavyoiita, alikutana nayo Njombe, kilomita sitini hivi kusini mwa Makambako. Njombe ilifanywa mkoa mwaka 2012, ikamegwa kutoka Iringa, na ofisi zilipoongezeka wakaja watumishi kutoka kila kona ya nchi. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, alikuwa na ubao wa plastiki wa kukunja. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Watu wawili waliojifunga makoti wanaweza kukaa mgahawani na chai ya maziwa mchana kutwa bila kushangaza mtu.

Mwandishi alidhani drafti itambeba. Ilimpa jicho la kuona mtego, lakini mkono wake ikauharibu. Kila kilichoachwa wazi alikila, kwa mazoea tu ya vizibo, na mwalimu akawa anamrushia vitunda, zile kete ndogo za mbele, huku farasi na maaskofu wa mwandishi wamelala nyumbani hawajasogezwa.

Dawa ya kwanza aliyoikimbilia ilikuwa kukariri. Kwenye simu aliweka Lichess, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, akaanza na Ufunguzi wa Kiitaliano. Kitunda cha mfalme kinakwenda e4, mpinzani anajibu e5. Farasi f3, farasi c6. Kisha askofu c4, akiikodolea macho f7, mraba ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake. Njia hiyo ni kongwe. Mwitaliano Gioachino Greco aliiandika katika daftari zake karibu mwaka 1620, na kabla yake, mwaka 1561, padri Mhispania Ruy López de Segura alishachapisha kitabu cha mchezo huu. Jina lake limebaki kwenye ufunguzi unaompeleka askofu huyohuyo b5. Mwandishi alizikariri zote mbili kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha.

Shida ni kwamba mpinzani naye hajakariri. Kila upande una hatua 20 za kuanzia, kwa hiyo wakishasogeza mara moja kila mmoja, ubao unaweza kuwa katika sura 400 tofauti. Wapinzani wa usiku, wakati bando ni rahisi, walitoka nje ya kitabu mapema wakamwacha amesimama njia panda. Lichess humpa kila mgeni alama 1500. Za kwake ziliporomoka bila aibu, na kila alipofungwa alibonyeza kuanza mchezo mwingine.

Kilichombadilisha ni kipigo kimoja cha mezani. Alikuwa na kete nyeusi, mwalimu akampeleka farasi g5 kuitishia f7. Mwandishi akajibu kwa kitunda d5, sawa na kitabu. Kitunda cheupe kikakila. Naye, bila kufikiri, akakila hicho kwa farasi wake. Farasi wa mwalimu akajitupa f7, mfalme akalazimika kumla, malkia mweupe akatokea f3, na mfalme mweusi akaburutwa hadi katikati ya ubao kumlinda farasi wake kama mlinzi asiye na bunduki.

Mwalimu hakuhubiri. Alirudisha kete hadi pale kitunda kilipoliwa, akauliza kwa nini amekila. Jibu halikuwepo. Njia ya kawaida, akaonyesha, ni kumpeleka farasi wa c6 hadi a5 amsumbue askofu, na kile kitunda ukakiacha kiende zake. Kwa mtu wa Makambako hilo lilikuwa gumu kumeza.

Tangu hapo alicheza michezo michache, mirefu, na kila mmoja ukarudiwa. Stockfish, programu ya kuchambua, hutoa hatua bora kwa sekunde, lakini haibishani, na bila ubishi somo halikai. Katwe, Kampala, jambo hili wanalijua vizuri. Robert Katende alianza kuwafundisha watoto chesi huko mwaka 2004, akiwapa uji, na wenyewe kwa wenyewe wakafundishana. Phiona Mutesi, aliyepata cheo cha kimataifa kwenye Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012, alionyeshwa kete na mtoto mdogo kuliko yeye. Filamu ya mwaka 2016 kuhusu Phiona ni nzuri, ila uji na kufundishana ndivyo vinavyostahili kuigwa Njombe.

Dhidi ya e4 mwandishi sasa anacheza Caro-Kann, inayoitwa kwa majina ya Horatio Caro na Marcus Kann walioichambua mwaka 1886. Kitunda kinaanza c6, kikimwandalia mwenzake wa d5. Ni taratibu, na haimshawishi mtu kula ovyo.

Mwisho wa mchezo bado unamsumbua, hasa wa ngome. Jumapili moja mwalimu alibaki na ngome na kitunda, yeye na ngome tupu. Akaitumia njia ambayo Philidor, mwanamuziki wa Kifaransa, aliieleza mwaka 1777: ngome ikae safu ya tatu kutoka upande wako imzuie mfalme wa adui, na kitunda kikishaingia safu hiyo, ikimbilie mwisho wa pili wa ubao na kumtishia mfalme kutoka nyuma. Mwalimu aliomba sare, akaagiza chai nyingine, kisha akadai wapange upya kuanzia pale alipoamini ameshashinda.