Damu na Kauli

Aghalabu kijana wa Kinango akizidiwa na uchovu, akakosa usingizi na hamu ya chakula, hupimwa damu. Ndivyo alivyofanyiwa mpwa wangu wa miaka 16 katika zahanati moja. Malaria haikuonekana, wala upungufu wa damu. Akaambiwa, "Huna ugonjwa." Nyumbani neno hilo likageuka hukumu: basi ni mvivu.

Kipimo kilistahili, kwani maradhi hayo mawili huleta uchovu unaofanana na ule wa sonona. Hata hivyo, damu kunyamaza si ithibati ya afya. Mwaka wa 2012, Eva Redei na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walichunguza damu ya vijana 28 wa miaka 15 hadi 19, nusu yao wakiwa na sonona. Kati ya viashiria 26 vya jeni, 11 viliwatofautisha wagonjwa na wazima. Sonona, basi, huacha alama mwilini, si uvivu. Lakini vijana wale walikuwa wachache, na hadi leo tabibu huitambua sonona hasa kwa kuuliza na kusikiliza.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Mpwa wangu hakuwahi kutamka "sonona", alisema tu, "Nafikiri sana." Muuguzi mwingine alipomwuliza, "Tangu lini?" alizungumza kwa muda mrefu, akalia, kisha akaanza kutibiwa.

Istilahi tunayo. Wanaisimu wenzangu, tukusanye pia kauli za wagonjwa, ziwafikie wanaowapima.