Hesabu bila mashini



Tangu nilijiandikisha kwa GMAT, ule mtihani unaoombwa na shule nyingi za biashara za Ulaya na Marekani, wadogo zangu wa korali wananiuliza: «Yaya, wewe karani wa mahesabu, unaogopa nini?» Naogopa saa. Sehemu ya hesabu iko na maulizo 21 kwa dakika 45, ni kusema dakika mbili na kidogo kwa kila ulizo. Na pale mashini ya kuhesabu haikubaliwi.

Hesabu zenyewe ni za shule ya sekondari, na tangu mtihani ulibadilishwa mwisho wa 2023, jiometri imetoka. Lakini kazini vidole vimezoea mashini, kichwa kimelala. Mama anauza unga sokoni. Anajumlisha vipimo saba na kurudisha pesa mbele sijachukua kalamu. Basi jioni tunashindana, naye anacheka. Nimejifunza kugeuza: 18 kwa mia ya 50 ni sawa na 50 kwa mia ya 18, ndiyo 9.

Mitego iko katika maneno. Bei ya shaba inapanda 20 kwa mia, kisha inashuka 20 kwa mia. Imerudi pale pale? Hapana! 100 inakuwa 120, na 20 kwa mia ya 120 ni 24, inabaki 96. Tena yote ni kwa Kiingereza, nasi tulisoma hesabu kwa Kifaransa.

Kuna maulizo mengine, katika sehemu ya majedwali, ambamo hawaombi jibu. Wanauliza tu kama habari walizotoa zinatosha. Namba ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 9: je, unaijua? Hazitoshi, sababu ni 3 ao -3. Hiyo ndiyo inanisumbua zaidi. Shuleni tulikazwa kutafuta jibu mpaka mwisho. Sasa napaswa kuacha kalamu nikijua kwamba linapatikana, basi.

Umeme ukikatika tunawasha mshumaa, saa inaendelea kuhesabu.

Mtihani unalipwa kwa dola, na Mama alinipa zamu yake yote ya likelemba. Nikikosa, ruhusa ya kurudia iko kisha siku 16, lakini kwa kulipa tena yote, na zamu ya Mama itafika mwaka kesho.