Rangi Iliyomtetea Baba Mdogo

Nyama ya mwili ikikatwa nyembamba hata nuru ikapita ndani yake, haionyeshi mengi. Seli, misuli na nyuzi za kolajeni, yaani zile nyuzi imara zinazofanya kano na makovu, huonekana karibu sawasawa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa maabara huitia rangi.

Njia moja ni ile aliyoieleza Pierre Masson mwaka 1929, Mfaransa aliyekuwa akifundisha Montreal, Kanada. Kipande cha nyama huhifadhiwa katika fomalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya maikromita 5 hivi. Nta ikiisha kuondolewa, himatoksilini yenye chuma huvitia weusi viini vya seli. Halafu hutiwa rangi nyekundu, nayo huingia kila mahali. Asidi ya fosfomolibdiki huing'oa katika kolajeni, lakini misuli hubaki nyekundu. Mwisho hutiwa buluu ya anilini, ikashika kolajeni iliyoachwa wazi. Basi penye kovu pana buluu.

Kwangu mimi mambo hayo si ya mtihani tu. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa Ziwa Viktoria. Mwaka juzi tumbo lake lilivimba. Watu wakanong'ona kwamba ini lake limeharibiwa na pombe, naye hajapata kuionja hata tone. Watoto wake walichekwa njiani.

Hospitalini walitoa kipande kidogo cha ini kwa sindano, na kwa idhini yake nikaruhusiwa kukitazama kwa hadubini. Mtaalamu alinieleza kwamba kovu la pombe aghalabu huzizingira seli moja moja kama wavu. Hili halikuwa hivyo. Buluu ilikuwa nene, imeizunguka mishipa iingizayo damu katika ini, na ndani yake mlikuwa na yai la kichocho. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Mayai yao yakikwama katika ini, mwili hujenga kovu kuyazunguka.

Baba aliwakusanya wazee akawaeleza. Kicheko kikakoma. Baba mdogo alipewa prazikwanteli, dawa iuayo minyoo hiyo, ingawa kovu kuukuu halitoki upesi.

Basi wenzangu, hasa ninyi wa kando ya ziwa, nendeni mkapimwe mapema. Na tusimhukumu mgonjwa kabla ya kipimo.