Wavulana Wenye Nguvu Tuwape Uwanja



Kila parokia inao. Ni wale wavulana wa miaka 9 hadi 15 ambao hawawezi kumaliza mahubiri bila kumsukuma jirani, na Misa ikiisha wanatoka mlangoni kama ndama waliofunguliwa zizini. Sisi mafrateri tunaofanya utume wa mwisho wa juma katika parokia moja jijini Nairobi tumekaa nao mwaka mzima. Tungependa kuwashirikisha, ndugu wasomaji, yale tuliyoyaona, maana wavulana hao ndio watakaotusubiri sisi sote tutakapopewa parokia.

Jambo lilianza na malalamiko kwenye halmashauri ya parokia. Watumishi wa altare walikuwa wamegeuza vijiti vya kuwashia mishumaa kuwa panga, wakapigana nyuma ya sakristia, na mmoja akapasuka juu ya nyusi. Pendekezo lilikuwa kuwaondoa sita katika kundi. Wengine walitaka viboko kwanza. Hapo akasimama mama mmoja, mjane, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale sita. Alisema maneno machache: "Mkimtoa hapa, wako wanaomngoja pale kona." Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kila mmoja aliijua kona hiyo na kazi inayofanyika pale.

Baba Paroko aliomba miezi mitatu, akatugeukia sisi: "Mafrateri, itafutieni mikono hiyo kazi."

Kijana mmoja wa parokia alikuwa amejifunza mchezo wa vitara katika klabu moja ya hapa jijini. Alijitolea kuja kila Jumamosi saa nane mchana. Baadhi ya wazazi walishtuka: watoto wamepigana kwa vijiti, nanyi mnawapa panga? Swali lao lilikuwa la haki, na linahitaji kujibiwa vizuri.

Kwanza, huu si upanga wa kukata. Mchezo wa vitara umo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Athens mwaka 1896. Silaha zake ni tatu, na ile nyepesi ambayo wengi huanza nayo haizidi gramu 500. Haina makali na ncha yake ni butu. Mchezaji huvaa kinyago cha wavu wa chuma na koti nene. Sisi tulianza na panga za sponji, vinyago vilikuja baadaye. Wala si jambo la Wazungu peke yao. Jijini Nairobi, Mburu Wanyoike alianzisha klabu ya Tsavora Fencing Mtaani kwa ajili ya vijana wa mitaa ya mabanda, na Alexandra Ndolo aliiwakilisha Kenya katika mchezo huu kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Pili, sheria zake zinamlea mvulana bila hotuba. Kabla ya kuanza, lazima amsalimu mpinzani, mwamuzi na watazamaji kwa upanga wake. Mchezo ukiisha anasalimu tena, kisha kwa desturi humpa mpinzani mkono usio na silaha. Anayekataa kusalimu katika mashindano hupewa kadi nyeusi na kutolewa nje. Katika silaha ile nyepesi, kugusa mkono, mguu au kichwa hakuhesabiwi. Ni kiwiliwili tu. Mwenye hasira anayepiga ovyo hapati pointi hata moja. Na ukishambuliwa, huwezi kurukia tu kupiga: kwanza kinga pigo la mwenzako, ndipo zamu yako ije. Tuliwaona wavulana waliokuwa hawajui kungoja zamu hata kwenye foleni ya uji wakijifunza kuingoja kwa upanga.

Lakini lililotugusa zaidi ni jambo dogo. Katika mashindano makubwa taa huwaka mtu anapoguswa. Sisi hatuna mashine. Kwa hiyo mwalimu aliturudisha kwenye desturi ya zamani: aliyeguswa mwenyewe hunyosha mkono na kusema, "Nimeguswa." Jumamosi za mwanzo hakuna aliyeguswa! Kila mmoja aliapa kuwa pigo limempita. Mwalimu hakugombana nao. Alisema tu kwamba asiyekiri hatapata mtu wa kucheza naye. Wiki ya tano, yule mwana wa mjane alikuwa akiongoza 4 kwa 3, na mchezo ni wa pointi 5. Mpinzani wake alimgusa kifuani kidogo sana, sisi tuliosimama kando hatukuona. Akasimama, akanyosha mkono: "Nimeguswa." Pointi iliyofuata akashindwa. Alimpa mwenzake mkono, na mwenzake huyo alikuwa ndiye aliyepasuka nyusi.

Katekista wetu, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mwembe, alilitumia neno hilo alipowaandaa kwa Kitubio. Hakuhitaji maelezo marefu. Walikwisha kujua kwamba kukiri hakumwondolei mtu heshima.

Kanisa halikuwahi kubariki ugomvi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulilaani vikali mapigano ya watu wawili ya kutafuta heshima kwa damu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliuacha upanga wake mbele ya Bikira Maria huko Montserrat mwaka 1522. Ila Mtakatifu Fransisko wa Sales, mwalimu wa upole, alifundishwa upanga akiwa mwanafunzi Paris, na upole wake haukupungua. Na Mtakatifu Yohane Bosco, aliyekusanya wavulana wa mitaani huko Torino, aliweka uwanja wa michezo karibu na kikanisa, akikimbia nao yeye mwenyewe akiwa amevaa kanzu. Aliamini kwamba mlezi aliye uwanjani na watoto huzuia kosa kabla halijatendeka.

Hatusemi kila parokia inunue vinyago, ni ghali. Wenzetu wa Lamu wana kirumbizi, mchezo wa kupambana kwa fimbo kwa mdundo wa ngoma, wenye adabu yake. Kuna mpira, kuna mieleka, kuna ngoma. La lazima ni mambo matatu: sheria zinazojulikana, mtu mzima aliyepo tangu mwanzo hadi mwisho, na heshima kwa anayeshindwa.

Je, wote sita wamepona? Hapana. Mmoja aliacha kuja, na tunamtembelea kwao kila tunapoweza. Watano wako altareni. Bado wanakimbia kwenye ujia wa sakristia, na mama msakristani bado anawakemea. Vijiti vya mishumaa, hata hivyo, vimebaki kuwa vya mishumaa.

Ndugu zetu waseminari, nguvu za mvulana ni zawadi ya Mungu kabla hazijawa tatizo la parokia. Tukimfungia mlango, kona itamfungulia. Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.