Kivuli Kinapojikata

Nkubu, 13 Aprili

Mvua imekatika kabla ya adhuhuri. Saa 6:29 mchana nimechomeka msumari kwenye ncha ya kivuli cha nondo: sentimita 16 kusini. Si saa 6 kamili, kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya 45 na sisi tuko karibu 37.7, kila nyuzi moja ni dakika nne. Nondo ni ya mita moja, nimeisimamisha kwa timazi. Ikweta inapita hapo juu tu, kati yetu na Meru mjini, ndiyo maana misumari ya Februari iko kaskazini ya nondo. Tena imevutwa magharibi, sentimita 6 hivi. Njia ya dunia kulizunguka jua ni duaradufu na mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, kwa hiyo jua huchelewa au huitangulia saa, na misumari ya saa hiyo hiyo mwaka mzima itachora nane inayojikata.

Embu, 22 Mei

Hapa ikweta iko kaskazini kwa zaidi ya nusu nyuzi. Msumari wa Aprili ungeangukia sentimita 17, na umbo lingebaki lile lile.

Jioni nimekaa na mkunjo mwingine unaojikata, jani la Descartes, la mwaka 1638: x³ + y³ = 3axy. Mkunjo huu unajikata pale x na y zote ni sifuri. Ukitafuta mteremko hapo unapata sifuri juu ya sifuri, na wanafunzi wengi hufunga daftari. Mimi naona hapo ndipo utamu ulipo. Karibu na sifuri vipeo vya tatu ni vidogo mno; viache, inabaki xy = 0, yaani mistari miwili: mhimili wa x na mhimili wa y. Mlinganyo umegoma kutoa mteremko mmoja kwa sababu ipo miwili. Si kila sifuri juu ya sifuri ni makutano, lakini: y² = x³ hutoa hiyo hiyo, na mkunjo wake unachongoka tu bila kujikata.

Nkubu, 26 Julai

Baridi na ukungu. Jua limechungulia kidogo: sentimita 35 kusini, karibu 3 magharibi. Mei ncha ilikuwa mashariki.

Nkubu, 30 Agosti

Ncha imetua juu ya msumari wa Aprili! Nilikuwa nimelipigia hesabu, bado moyo umeruka. Nane imefunga tundu lake dogo upande wa kusini; lile kubwa, la kaskazini, litafungwa Februari, ncha itakaporudi kwenye misumari ya kwanza.

Nkubu, 6 Septemba

Nimevuta uzi kupitia misumari ya Aprili, mwingine kupitia ya siku hizi. Zinakatana kwa pembe nyembamba, nyuzi kama 20. Msichana wa kidato cha tatu ameuliza: "Mwalimu, kivuli kikifika hapo kinajuaje kishike njia ipi?" Swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Mahali ni pamoja, ila Aprili jua linapanda kaskazini na Agosti linarudi. Kwenye karatasi yake kulikuwa na x na y tu. Nimemwambia aongeze safu ya tarehe, kisha akadirie msumari wa 3 Novemba. Amesema kaskazini, sentimita 7 mashariki. Nami nimepata hivyo hivyo.